Upande wa Ufa

"Hebu nieleze tena, maana watu wananiuliza," Shangazi alisema. Alikuwa akijipepea kwa kifuniko cha boksi la biskuti alizokuja nazo mwenyewe na kuzila mwenyewe. "Unakwenda kusomea nini?"

"Historia ya sanaa za mapambo na usanifu, Shangazi. Shahada ya uzamili."

"Mapambo. Kama ya maharusi?"

"Hapana. Vitu vya nyumbani. Viti, vyombo, vitambaa. Vilitengenezwaje, nani alivinunua, kwa nini watu walivipenda."

"Yaani vikombe."

"Na vikombe pia."

Shangazi akamgeukia kaka yake, aliyekuwa amejilaza kwenye kochi na ovaroli yake ya kazi. "Kaka, watoto wa wenzetu wanasomea udaktari wa watu. Wa kwetu anakwenda kuwa daktari wa vikombe. Haya. Ada ya maombi nimeshalipa, siwezi kuitapika."

Hilo la ada halikukosa kutajwa. Shangazi ndiye pekee katika ukoo aliyekuwa na kadi ya benki inayokubaliwa na chuo cha mbali, na tangu alipoilipa hakuna mazungumzo yaliyokwisha bila ada hiyo kupita katikati, kama kuku aliyezoea sebule. Binti alishukuru kila ilipopita. Alishashukuru mpaka neno lenyewe likawa halina ladha.

"Mwache Msomi asome," Baba alisema. Ndivyo alivyomwita bintiye tangu alipoingia chuo kwa mara ya kwanza, mwanzo kwa utani, kisha kwa mazoea, na sasa hata majirani hawakumjua kwa jina lingine. Baba mwenyewe alikuwa fundi wa kupiga rangi magari, na kule gereji waliitana kwa majina ya kazi. Yeye alikuwa Mzee Puti, kwa sababu hakuna bati lililobonyea ambalo angelijaza puti, akalisugua msasa, akalipuliza rangi, mwenye gari akajua tena wapi aligongwa.

Mama alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati la vioo. Kabati lile lilikuwa na ufunguo mmoja tu, na ufunguo ulikaa kwenye pindo la mtandio wake, umefungwa fundo. Ndani kulikuwa na seti ya chai ya kauri: vikombe, visahani, chombo cha sukari, na katikati birika jeupe lenye ua la waridi tumboni. Hakuna mtu aliyewahi kunywea vyombo vile. Wageni walikunywa chai kwa vikombe vya bati huku wakitazama vya kauri.

"Na hao walimu watataka kuliona?" Mama aliuliza bila kugeuka.

"Wameandika hivyo. Siku ya usaili wa mtandaoni niwe karibu na kitu nilichokiandikia insha."

"Birika langu," Mama akasema, na mgongo wake ukanyooka. "Birika langu linaingia chuo kikuu."

"Lile tulilolitoa sisi," Shangazi akadakia. "Harusini kwenu. Au mmesahau?"

Mama akafuta kioo kilichokwisha kufutwa. Hakukubali, hakukataa. Miaka nenda miaka rudi Shangazi alisema birika lilitoka upande wa kaka yake, na Mama alimwachia, kama unavyomwachia mgeni kiti kizuri.

Msomi akainamia simu yake, uso unamwaka. Alikuwa amemwambia mama yake jambo moja tu: "Nimeandika kuhusu birika lako." Mama akalichukua hilo akalitembeza kwa fundi cherehani, kwa muuza maji, kwa jirani wa kushoto na wa kulia. Alichoandika hasa hakuna aliyemuuliza, naye hakusema.

Aliandika kuhusu ufa. Nyuma ya birika, kuanzia kwenye mdomo mpaka tumboni, kulikuwa na ufa uliogundishwa kwa gundi, na gundi ikageuka rangi ya kahawia. Msomi aliuona akiwa mdogo, siku Mama alipolitoa birika kulipangusa akidhani mtoto amelala. Akaona pia jinsi alivyolirudisha, ua likitazama mlango na ufa ukitazama ukuta. Hakusahau. Kwenye kaunta ya duka la vigae alikofanya kazi, wateja wakipungua, aliuandika ufa ule kurasa nyingi. Akaanza na methali ya siri ya mtungi aijuaye kata, akaendelea na habari za viwanda vilivyouza nakala za vyombo vya matajiri kwa watu wa kawaida, kisha akafika kwa mama yake. Hapo kalamu ilipata moto. Ilikuwa insha nzuri, na alijua ni nzuri, na kulikuwa na sentensi mbili tatu alizozipenda sana ambazo asingependa zisomwe ndani ya nyumba ile hata kwa kunong'ona.

Chuo kilikuwa na nafasi moja ya ufadhili kamili. Akiikosa, angerudi kwenye kaunta kueleza tofauti ya vigae vya bafuni na vya jikoni, na alishaieleza miaka mitatu.

"Mama," akasema kwa sauti ya kubembeleza, "siku hiyo ya usaili, kwa nini usiende kwa Shangazi ukapumzike kidogo?"

Mama aligeuka. "Niende kwa wifi siku birika langu lina wageni? Umenionaje?"

*

Kumbe Mama naye alikuwa na lake. Siku moja kabla ya usaili, Msomi akiwa dukani, alilifunga birika kwa taulo, akalitia kapuni, akaenda nalo gereji. Ilikuwa mara ya kwanza kukanyaga pale tangu mumewe aanze kazi.

"Mzee Puti!" mafundi wakapiga kelele. "Leo umeletewa chai!"

"Na kapu lenyewe zito hilo, litazameni!"

Baba akatoka chini ya gari, akajifuta mikono, akamvuta mkewe nyuma ya ukuta wa mabati. Mama akafungua taulo, akaligeuza birika kwa mara ya kwanza mbele ya macho ya mtu.

"Lina ufa," akanong'ona.

"Najua."

"Unajua?"

"Nimeishi na kabati hilo miaka mingapi?"

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Wewe umeuficha," Baba alisema. "Kitu kakificha mwenyewe, mimi nikifichue ili iweje?"

Mama aliona aibu na alipata nafuu kwa pamoja, hakujua ipi imetangulia. "Wale walimu watalishika kwa macho," akasema. "Ni watu waliosoma. Wakiona hivi watasema binti huyu ametoka nyumba ya vitu vilivyopasuka. Mtoto ataaibika kwa ajili yangu. Wewe unaziba magari ya watu, nizibie na hili."

Baba hakuwahi kupewa na mkewe kazi ya kumfurahisha namna ile. Alikwangua gundi ya zamani kwa wembe. Akajaza puti kwa ncha ya kisu, akasugua kwa msasa wa maji, akapuliza rangi nyeupe iliyobaki kwenye gari la wagonjwa, kisha akapuliza tena. Mafundi waliokuwa wakitania walikuja kutazama. Ufa uliondoka. Weupe wa pale ulikuwa mkali kidogo kuliko weupe wa birika, kama jino la bandia, lakini ungehitaji kujua pa kutazama.

"Usimwambie," Mama alisema akifunga taulo. "Nataka ashangae."

Jioni ile Msomi aliingia ndani akasikia harufu ya rangi. Hakushughulika nayo. Baba yake alinuka rangi kila siku ya Mungu.

*

Usaili ulikuwa wa alasiri. Msomi alivaa koti la heshima juu na sketi ya nyumbani chini, kwa kuwa kamera haina habari na sketi. Kompyuta aliiazima kwa mhasibu wa dukani, akaiweka juu ya stuli, na stuli juu ya meza. Baba hakwenda kazini. Alijiweka kwenye ngazi ya mlango wa mbele kuzuia wachuuzi na watoto wenye kelele, akawa anawafukuza kwa kelele kubwa kuliko zao. Mama alisimama kwenye mlango wa jikoni akiwa na gauni lake la kutokea, ingawa alishaambiwa kwamba haonekani.

"Hedifoni zipo," Msomi alimwambia, "kwa hiyo hutasikia kitu, Mama. Unaweza kwenda kupumzika."

"Nitawatazama tu."

Hedifoni zilikufa kabla ya salamu kwisha. Kwenye kioo cha kompyuta walionekana wawili: profesa wa kike aliyejifunika shali, na mwalimu wa kiume mwenye mafua, ambao midomo yao ilicheza bila sauti. "Hatukusikii," wakaandika. Msomi akachomeka, akachomoa, akapuliza tundu, akachomeka tena. "Bado." Jasho likamtoka. Mwisho akazing'oa kabisa, na sauti ya profesa ikajaa sebuleni kama mtu aliyeingia na kuketi.

"Sasa tunakusikia vizuri. Karibu."

Mambo yalianza vyema. Walimuuliza birika lilitoka wapi, akasema ni la harusi ya wazazi wake. Walimuuliza kuhusu viwanda, akajibu. Walimuuliza kwa nini kitu cha bei rahisi kiitwe sanaa, akajibu mpaka mwalimu wa mafua akaweka leso chini ili aandike. Mama hakuelewa yote, lakini alielewa kwamba mtoto wake anaulizwa na watu wazito na hababaiki. Alikuwa ameshika kitambaa cha kufutia vyombo, na tabasamu lake lilikuwa la mtu anayetazama mtoto akitembea kwa mara ya kwanza.

"Kuna mahali uliponisimamisha," profesa akasema. "Naomba nikusomee."

"Napakumbuka, Profesa," Msomi akasema haraka. "Si lazima—"

"Ni pafupi." Profesa akavaa miwani. "Umeandika hivi: 'Mama yangu hapendi vitu vizuri. Anapenda kuonekana anavyo. Ndiyo maana ameugeuzia ufa ukutani, na nyumba nzima ameipanga hivyohivyo. Uso wake ni wa wageni. Sisi wenyewe tunaishi upande wa ufa.'" Akavua miwani. "Haya ni maandishi ya mtu anayeona. Tuonyeshe huo ufa."

Msomi hakugeuka. Alitamani ardhi ipasuke immeze yeye na stuli na kompyuta ya mhasibu. Nyuma yake Mama alikuwa anakikunja kile kitambaa, akakikunja tena, mpaka kikawa kidogo kisichokunjika.

"Ufunguo," Msomi alisema, akiitazama meza. "Naomba ufunguo, Mama."

Mama akaja. Fundo la mtandio lilikuwa limekaza na vidole vyake havikulifungua, ikabidi alifungue kwa meno, na watu wawili waliosoma wakangoja. Akafungua kabati, akalitoa birika kwa mikono miwili, akampa mwanawe bila kumtazama usoni.

Msomi akaligeuza birika mbele ya kamera.

"Sioni kitu," mwalimu wa mafua akasema. "Sogeza kidogo."

Akasogeza.

"Geuza huku. Hapana, huku. Binti, hapa hakuna ufa."

Msomi alitazama. Vidole vyake vilipita palepale palipokuwa na ufa, pakawa laini. Kisha ile harufu ikampanda puani, akaelewa yote kwa mara moja, mpaka na msasa aliotumia baba yake. Na hili ndilo alilolionea haya baadaye kuliko yote: kitu cha kwanza kilichomjia hakikuwa huruma. Kilikuwa hasira. Wameniharibia, aliwaza. Watu hawa wameniharibia.

"Nisikilize," mwalimu alisema, na hakuwa mkali, alikuwa amechoka. "Huwa tunapata waombaji wanaoandika vitu visivyokuwapo. Insha yako yote imesimama juu ya ufa. Kama haukuwapo, useme sasa hivi, tusipotezeane muda."

Msomi akafungua kinywa. Aseme nini? Kwamba wazazi wake wamelipaka birika rangi ya gari? Maneno yalikuwa pale, mafupi na ya kweli, na aibu ikayakalia yote.

"Samahanini, walimu wangu."

Mama alikuwa ameinama ili uso wake uingie kwenye kioo. Hakujua pa kutazama, akawa anazungumza na ukingo wa kompyuta.

"Ufa ulikuwapo. Mtoto hasemi uongo. Jana nimelipeleka kwa baba yake akalipaka rangi. Nilisikia mtalitazama, nikasema wasije wakamdharau mwanangu. Sikujua ameuandika. Angeniambia, ningeuacha."

Mwalimu akaweka kalamu chini.

"Na si la harusi," Mama akaendelea, maana aliyekwisha kujivua haoni tena sababu ya kubakiza. "Kaandika la harusi kwa sababu ndivyo anavyosikia humu ndani. Mimi nilikuwa mfanyakazi wa ndani. Siku hiyo bosi wangu ana wageni, nikaligonga kwenye bomba la sinki. Akaniita palepale, mbele ya wageni wake. Akasema, ulichovunja umekinunua, na seti haiuzwi nusu. Nikakatwa mshahara mpaka bei ya seti nzima ikaisha, kisha akanifukuza. Akanitilia vyombo vyote kwenye boksi. Akasema, chukua mali yako."

"Mama..." Msomi alisema.

"Ufa nimeugeuzia ukuta si kwa ajili ya wageni. Ni kwa ajili yangu. Nikiuona, namwona yule mama." Akajinyoosha, uso wake ukatoka kwenye kioo, yakabaki mabega ya gauni la kutokea. "Ni hayo tu. Endeleeni na mtoto."

Akarudi jikoni. Profesa alikuwa ameishika shali yake kooni. Akauliza swali la mwisho, na sauti yake haikuwa ya kusifu tena.

"Wewe ulijua haya?"

"Hapana, Profesa."

"Umeandika kurasa kumi na tano juu ya birika. Mwenye birika unaishi naye. Kwa nini hukumuuliza?"

Msomi alitafuta jibu la kisomi, na yalikuwapo mengi. "Niliona aibu," akasema. "Nilidhani najua."

*

Jikoni Mama alikuwa anapakua, bado na gauni la kutokea, bila hata kujifunga kitambaa kiunoni kuzuia mafuta.

"Mama."

"Umekula?"

"Mama, yale maneno..."

"Ulisema maongezi ni nusu saa. Ona, kimepoa." Akamkabidhi sahani. "Kaa ule. Kompyuta ya watu uirudishe mapema, usije ukaambiwa umeharibu."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, siku hiyo na siku zilizofuata. Msomi akianza, Mama anauliza kama amekula. Akianza tena, kuna nguo za kuanua. Mama hakununa. Angenuna, Msomi angejua pa kuanzia kuomba radhi. Alikuwa mpole, mpole wa kumpisha mwanawe mlangoni, wa kumuuliza kama sauti ya redio inamsumbua, kama vile nyumbani kumeingia mpangaji. Birika lilirudishwa kabatini, ua likitazama mlango, na ufunguo ukarudi kwenye pindo.

Baba alikuja na chupa ya tina. "Naweza kuitoa rangi," alisema. "Naipangusa mara moja, linarudi lilivyokuwa."

"Iache," Mama alisema.

Msomi alimfuata baba yake kwenye ngazi ya mlango. Mzee alikuwa akisugua kucha zake kwa tambara, kazi isiyokwisha.

"Wewe ulijua, Baba? Kwamba alikuwa mfanyakazi wa ndani?"

"Lile boksi nililibeba mimi. Nilikuwa napaka rangi geti la jirani yao, nikamwona binti anatoka analia na boksi zito. Ndivyo nilivyompata mama yako." Akacheka kidogo, kicheko kikamfia. "Bosi wake alinipa mke, mimi simlaumu sana."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Ungeuliza, tungekwambia. Au labda tusingekwambia. Hata aibu ina mwenyewe, mwanangu. Anaificha anapotaka, anaitoa anapotaka. Wewe umeitoa kabla mwenyewe hajataka." Aliitazama ile chupa ya tina. "Na mimi nikaipaka rangi. Basi, wote tumo."

*

Majibu yalimkuta dukani, mbele ya mteja aliyebishana kuhusu rangi ya vigae vya jikoni. Amepata nafasi. Amepata ufadhili kamili. Walisema walivutiwa na macho yake, na chini, kwa mstari mmoja, profesa aliongeza kwamba anatarajia kumwona akijifunza kuuliza. Msomi alisoma, akarudia. Furaha aliyoingoja miaka mitatu ilifika mlangoni, ikachungulia, haikuingia. Akamuuzia mteja vigae alivyotaka, hata hakumbishia.

Nyumbani Baba alimnyanyua juu kama mtoto. Mama alimkumbatia kwa nguvu, muda mrefu, akasema, "Hongera, mwanangu. Hongera sana," na machozi yake yalikuwa ya kweli. Halafu akamuuliza kama amekula.

Jumapili Shangazi alifika na soda na watu wawili wa kumshuhudia, fundi cherehani na jirani wa kushoto. Alikaa kwenye kochi kubwa, akapanga sketi yake, akapiga makofi mawili.

"Haya, daktari wa vikombe. Ada nimelipa mimi, na sijaona hata ukurasa mmoja wa hiyo insha. Leo tunasomewa."

"Shangazi, ni ndefu. Ni ya kitaalamu, itawachosha."

"Tuchoshe. Tumekuja kuchoka."

"Tusomee, Msomi," jirani akasema. "Mama yako ametuambia ni ya birika lile."

Msomi akamtazama Baba. Baba akatazama kucha zake. Akamtazama Mama, akitumaini kwamba Mama angesema kuna nguo za kuanua. Mama alikuwa amesimama karibu na kabati. Akafungua fundo la mtandio, na safari hii lilifunguka upesi. Akatoa birika, akaketi kwenye kigoda, akalipakata mapajani.

"Soma," akasema. "Na mimi sijaisikia yote."

Msomi akafungua simu yake. Akasoma methali, na Shangazi akaitikia kwa kichwa. Akasoma habari za viwanda, na fundi cherehani akajaribu kuficha mwayo. Akafika kwenye birika la harusi. Shangazi akawatazama wageni kwa ushindi, kama aliyekwisha kuwaambia. Mama aliacha lipite. Alikuwa ameinamia birika, na ukucha wa kidole gumba ulikuwa unakwangua mahali fulani nyuma, polepole, kama mtu anayekwangua uji uliokauka mezani. Rangi ya gari haikai kwenye kauri, wala puti yake. Ilikuwa inatoka vipande vipande, na kila kipande kilimwangukia mapajani.

Msomi alisoma ukurasa ule kwa sauti iliyopanda kidogo. Alisoma kuhusu ua la waridi, kuhusu mlango, kuhusu mgeni anaposimama na anachokiona. Kisha macho yake yakavuka mistari minne, sauti yake isitetereke, akatua salama kwenye aya iliyofuata: "'Kihistoria, vyombo vya namna hii...'"

"Umeruka," Mama alisema.

Shangazi akainua kichwa.

"Nimeruka wapi, Mama?"

"Kabla ya hapo. Rudi."

"Ameruka nini?" Shangazi aliuliza. "Wifi, ameruka nini?"

Msomi alimtazama mama yake, na macho yake yalikuwa yanaomba bila kificho, kama ya mtoto aliyevunja kitu. Mama hakuwa na hasira. Uso wake ulikuwa umechoka, na ulikuwa unamngoja.

Akarudi nyuma. Akasoma. "'Mama yangu hapendi vitu vizuri.'" "'Anapenda kuonekana anavyo.'" Akasoma ukuta, akasoma wageni, akasoma upande wa ufa mpaka nukta. Jirani alikuwa ameshika chupa ya soda bila kuinywa. Fundi cherehani alitazama mlango.

"Hayo," Shangazi alisema, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha, "hayo umemwandika mama yako?"

"Kaniandika," Mama akajibu kabla yake. Akapangusa gauni, vipande vyeupe vikaanguka sakafuni. Akainuka, akaliweka birika mezani katikati ya soda. Ua alilielekeza ukutani. Ufa, mtupu sasa, bila gundi wala rangi, akauelekeza kwa mwanawe.

"Endelea, mama," akamwambia kwa upole uleule. "Usiache. Si hiyo ndiyo iliyokupa nafasi?"

Msomi akaishika simu kwa mikono miwili, akatafuta mahali alipoachia, akaendelea kusoma.